Picha ya Bach aliyotuachia baba: ni halisi, ni ya karakana, au ni kitu kingine?

*“Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani, upande wa Moshi. Ametuachia picha ya mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach ya rangi ya mafuta, iko ndani ya fremu ya mbao iliyopakwa dhahabu. Alipewa na mchungaji Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao miaka ya sitini. Baba alizoea kutuambia kwamba imetoka karakana ya mchoraji mwenyewe, na kweli nyuma pameandikwa kwa mkono ‘E. G. Haussmann pinxit 1746’. Nimeipima: urefu sentimita 52, upana 41. Bach amevaa koti la buluu, ameshika karatasi ya nota, ingawa nota zenyewe ni kama madoa tu. Picha imefifia na kuwa nyeusi nyeusi, na kaka anataka tuioshe kwa maji ya sabuni. Nimesoma kwamba Ujerumani ziko picha mbili za namna hii, ya 1746 na ya 1748. Ipi ni halisi na ipi ni feki? Na yetu je? Kuna dalali wa Arusha ametupa wiki moja tuamue. Anasema ni nakala tu, haina thamani, ila yuko tayari kutusaidia kwa kuinunua.”*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Kabla ya mengine, kuna mawili yasiyoweza kungoja. Mwambie kaka aweke sabuni pembeni, sababu nitaieleza. Na dalali naye asubiri. Mtu anayesema kitu hakina thamani huku anakimbilia kukinunua ameshajijibu mwenyewe, na hiyo wiki moja ni ya kwake, haiwahusu ninyi.

Sasa tuje kwenye swali lako. Naona kinachokusumbua zaidi ni zile picha mbili za Ujerumani, maana umechukulia kwamba zikiwa mbili, lazima moja iwe ya uongo. Si hivyo. Zote mbili ni halisi, na zote mbili zimetoka kwenye mkono wa mtu mmoja, Elias Gottlob Haussmann, aliyezaliwa 1695 na kufariki 1774, mchoraji wa sura za wakubwa katika mji wa Leipzig. Mwaka 1746, Bach akiwa na miaka 61 na kantori (yaani mkuu wa muziki na kwaya) wa Shule ya Mtakatifu Thomas tangu 1723, Haussmann alimchora akiwa na wigi jeupe, koti la rangi ya giza lenye vifungo vya kung’aa, na kikaratasi cha nota katika mkono wa kulia. Miaka miwili baadaye akaichora tena picha ileile, akaweka jina lake na mwaka 1748. Mchoraji akirudia kazi yake mwenyewe, hajaghushi chochote. Ameuza kazi mara mbili, na zama zile hiyo ilikuwa biashara ya kawaida kabisa.

Hapa inabidi nikupeleke kidogo ndani ya karakana, kwa sababu bila kuelewa namna walivyofanya kazi, maneno kama “halisi” na “nakala” yatakuchanganya tu.

Mtu mwenye cheo hakukaa mbele ya mchoraji siku nzima kwa majuma. Alikaa mara chache, na mara hizo zilitumika kwa ajili ya uso, na pengine mikono. Koti, mapazia ya nyuma, vifungo na ushonaji wa mikono ya shati vilichorwa mwenyewe akiwa ameshaondoka, kutoka kwenye nguo iliyovalishwa sanamu ya mbao. Kazi hiyo mara nyingi waliachiwa wasaidizi. London alikuwepo Joseph van Aken, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchora nguo kwenye picha za wachoraji wengine. Mmoja wa wateja wake alikuwa Thomas Hudson, yule aliyemchora mtunzi wa muziki Handel. Van Aken alipofariki 1749, mchoraji mwenzao Hogarth alichora picha ya dhihaka ikionyesha wachoraji wa mji wakilia kwenye mazishi yake, maana sasa nani angewachorea makoti?

Uso ukishapatikana, karakana iliutunza kama fundi cherehani anavyotunza karatasi ya kukatia ya mteja wake. Walikuwa na karatasi yenye mistari ya sura ile, ikatobolewa matundu madogo madogo, ikawekwa juu ya turubai mpya na kupigwapigwa kifuko cha unga wa makaa. Vidoti vikibaki, mchoraji aliviunganisha, akawa amepata sura bila kumwita tena mwenye sura. Wengine walifuatisha kwa karatasi iliyopakwa mafuta ikapitisha mwanga, wengine kwa miraba. Kisha mteja alichagua kulingana na mfuko: picha iliyochorwa yote na fundi mkuu, au uso wa fundi mkuu na nguo za wasaidizi, au yote ya wasaidizi na fundi mkuu akapitisha brashi mwishoni. Hatubahatishi katika hili. Paris, Hyacinthe Rigaud aliweka madaftari ya hesabu kuanzia 1681, yameandika nani amelipwa kwa kuchora nguo, nani kwa kunakili, na kiasi gani. Picha yake maarufu ya Mfalme Louis wa 14, ya mwaka 1701, ilikusudiwa kupelekwa Hispania kwa mjukuu wa mfalme. Mfalme alipoiona akaipenda, akaibakiza kwake na kuagiza inakiliwe. Nakala haikuhesabiwa tusi.

Kwa hiyo mtu anayekuja na picha ya zama zile huwa simuulizi kama ni halisi au feki. Nauliza mambo matatu: ni mkono wa nani, ni wa lini, na alikuwa anatazama nini alipochora. Hili la tatu watu hulisahau, na kwenye picha yenu ndilo litakalotusaidia kuliko yote. Alikuwa anamtazama Bach? Alikuwa anatazama picha ya kwanza? Au alikuwa anatazama chapa ya kwenye kitabu?

Ughushi ni jambo lingine kabisa. Hapo lazima pawe na nia ya kudanganya. Mwanafunzi wa sanaa aliyenakili picha ya Bach mwaka 1900 ili ampe mjomba wake zawadi hajaghushi. Aliyeichukua baadaye na kuongeza saini ili aiuze ghali, huyo ndiye.

Turudi kwa Bach. Picha hii ilienea mapema. Mwanafunzi wake Kirnberger, aliyeishi Berlin, alikuwa na moja imetundikwa katikati ya madirisha mawili, juu ya kinanda. Mwanamuziki Zelter alimwandikia mshairi Goethe kisa chake. Mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Leipzig alimtembelea Kirnberger, akainua macho akasema: kumbe mmemtundika kantori wetu Bach, sisi nasi tunaye kule Shule ya Mtakatifu Thomas. Akaongeza kwamba mzee yule alikuwa mkorofi, na kwa majivuno yake alijichorisha hata na koti la fahari la mahameli. Kirnberger akainuka polepole, akaenda nyuma ya kiti cha mgeni, akamfokea atoke nje kama mbwa. Mgeni akakimbilia kofia na fimbo, akapotea mtaani. Kirnberger akaamuru picha ishushwe na kusuguliwa, kiti cha mgeni kioshwe, kisha picha irudishwe mahali pake ikiwa imefunikwa kitambaa. Mimi kisa hiki nakipenda, ila kila nikifika kwenye “kusuguliwa” nashtuka kidogo. Ndivyo picha nyingi zilivyokufa: kwa mapenzi.

Ile ya 1746 imepitia mikononi mwa wapenzi wengi wa aina hiyo. Mwaka 1809 kantori August Eberhard Müller aliikabidhi shule. Ilikaa pale karne nzima pamoja na wavulana, moshi na majira ya baridi, ikafanyiwa matengenezo zaidi ya mara moja, na kila aliyeitengeneza aliongeza rangi yake juu ya ile ya Haussmann. Leo iko Leipzig, katika Jumba la Mji la Kale, na uso tunaouona pale umelainishwa. Mikunjo imepungua, macho yamepoa.

Ile ya 1748 ilibahatika. Daftari la urithi wa mwanawe, Carl Philipp Emanuel Bach, lililochapishwa 1790, linataja picha ya baba yake ya rangi ya mafuta iliyochorwa na Haussmann, pamoja na vipimo vyake na fremu ya dhahabu, na wataalamu wengi wanaamini ndiyo hii. Baadaye ikaonekana kwenye duka la vitu vya kale Breslau, ikanunuliwa na familia ya Jenke. Mmoja wao, Walter Jenke, aliikimbiza Uingereza wakati wa Wanazi, na vita vilipopamba moto ikahifadhiwa kwenye nyumba ya familia ya Gardiner huko Dorset. Mtoto wa nyumba ile, John Eliot Gardiner, alikua akipishana nayo, na akaja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa muziki wa Bach. Mwaka 1952 ilinunuliwa na Mmarekani William Scheide wa Princeton. Aliacha wosia irudi Leipzig, ikarudi 2015, na sasa iko kwenye makumbusho ya Hifadhi ya Bach (Bach-Archiv), mkabala na Kanisa la Mtakatifu Thomas. Haikuguswaguswa sana. Ukitaka kuona shavu jekundu la mzee anayependa chakula, kope nzito, na ule mkunjo kati ya nyusi wa mtu asiyevumilia sauti isiyo sawa, unautazama huo wa 1748. Yaani marudio yametunza sura kuliko picha ya kwanza. Usikubali mtu akuambie “nakala tu”.

Haya, picha yenu sasa. Nitasema ninachokiona kwenye maelezo yako, ukijua kwamba sijaishika.

Vipimo kwanza. Picha zote mbili za Haussmann zina urefu unaokaribia sentimita 76 hadi 78, na upana wa sitini na kidogo. Yenu ni 52 kwa 41. Kumbuka ile karatasi ya matundu: inahamisha sura kwa ukubwa uleule. Nakala ya karakana kwa kawaida huwa na kichwa cha ukubwa ule wa picha ya kwanza, hata kama turubai limepunguzwa pembeni. Chukua rula, pima toka kidevuni hadi juu ya wigi. Kama kichwa nacho kimepungua kwa kiasi kilekile, basi aliyechora hakufuatisha karatasi ya karakana. Alitazama kitu akapunguza, au alitazama kitu kidogo akakuza.

Koti la pili. Kwa Haussmann koti ni la giza, karibu na nyeusi yenye hudhurungi. Rangi ya buluu peke yake haitoshi kuihukumu picha, kwa kuwa buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na wachoraji wa wakati wa Bach walikuwa nayo. Lakini sababu ya kubadili koti? Mtu aliyesimama mbele ya picha yenyewe huiga rangi anazoziona. Mtu anayenakili kutoka kwenye chapa nyeusi na nyeupe hana budi kubuni. Na chapa za Bach zilikuwepo tele: Kütner alitoa ya kwanza 1774, Nettling na Bollinger wakafuata 1802, kisha karne yote ya 19 vitabu vya muziki vikajaa sura hiyo. (Chapa nyingine ziligeuza kushoto ikawa kulia, kwa sababu bamba la shaba huchapa kinyume. Ukiona Bach ameshika nota kwa mkono wa kushoto, umeshajua alikotoka. Wenu, ukiangalia vizuri, natumaini ameshika kwa wa kulia.)

La tatu ndilo lililonishawishi zaidi, na mtoto wa mwalimu wa kwaya atalifurahia. Kwenye picha za Haussmann nota zile zinasomeka. Ni kanoni, yaani wimbo ambao sauti moja huifuata na kuiiga nyingine, ya sauti sita, imeandikwa kwa mistari mitatu tu, na karatasi imemgeukia mtazamaji. Mistari hiyo ina ufunguo wa alto, wa tenori na wa besi. Sauti tatu zilizobaki hazikuandikwa. Kila mstari unajizalia mwenzake kwa kugeuzwa, panapopanda pashuke, panaposhuka papande, na mwenzake huyo akiingia nyuma kidogo. Ni kitendawili: Bach anakunyoshea karatasi, ni kama anasema haya, kifumbue. Mstari wa chini umejengwa juu ya nota nane za kwanza za besi ya Tofauti za Goldberg, kazi ya kinanda ya Bach mwenyewe. Kwa solfa za kwaya zetu ni do, ti, la, so, mi, fa, so, do, ile do ya mwisho ikiwa chini. Ziimbe, utazitambua ni besi ya kawaida kabisa, hata kwaya ya vijana ingezipata kwa dakika mbili.

Kanoni hii haikuwekwa pale kwa urembo. Mwaka 1747 Bach alijiunga na Chama cha Sayansi za Muziki alichokianzisha mwanafunzi wake wa zamani Lorenz Mizler. Masharti yalitaka kila mwanachama atoe picha yake iliyochorwa vizuri kwenye turubai, na kanoni ileile ndiyo aliyowapa wenzake wa chama ikiwa imechapwa. Ilikuwa kama kitambulisho chake. Haussmann naye hakuwa mgeni wa kuchora wanamuziki. Takribani miaka ishirini kabla alikuwa amemchora Gottfried Reiche, mpiga tarumbeta mkuu wa Leipzig, akiwa na tarumbeta la kujiviringa mkono mmoja na nota zinazosomeka mkono wa pili. Karakana yake isingetoa Bach mwenye madoa badala ya nota. Madoa ni dalili ya mtu aliyetazama chapa ndogo, ambayo nota zake zilikuwa tayari zimekuwa vijidudu, naye akaweka vijidudu.

Na maandishi ya nyuma? “Pinxit” ni Kilatini, yaani “alichora”. Haussmann kweli aliandika nyuma ya turubai. Lakini maandishi hayo yalinukuliwa vitabuni, na mtu yeyote mwaminifu anayenakili angeweza kuyaandika ili kusema picha hii imetoka kwenye ile. Maandishi nyuma ya turubai ni maneno tu hadi wino wake, turubai lake na rangi zake vikubaliane nayo. Sidhani mchungaji yule alimdanganya baba yako. Yaelekea naye aliambiwa hivyo nyumbani kwao.

Basi dhana yangu: ni nakala ya karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20, iliyochorwa na mtu mwenye mkono wa wastani, kutoka kwenye chapa. Kufika kwake Moshi hakunishangazi. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro 1893, na kwa wamisionari waliotoka mji wa Bach, kubeba sura yake lilikuwa jambo la kutarajiwa kama kubeba kitabu cha nyimbo na tarumbeta. Picha ya Haussmann mwenyewe au ya karakana yake kukaa ukutani bila watafiti kujua haiwezi kukataliwa moja kwa moja, lakini vipimo, koti na nota vyote vinaelekeza kwingine.

Kuna jambo moja lazima ulithibitishe mwenyewe kwanza, maana linaweza kubadili yote: kwamba ni picha ya kuchorwa. Umesema ni ya rangi ya mafuta, nani alisema? Tangu karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilitoa chapa za rangi zilizopakwa vanishi na kugandamizwa ili zionekane kama turubai lenye alama za brashi. Ziliuzwa kwa wingi na zikasafiri mbali. Subiri asubuhi yenye mwanga mzuri. Mshushe Bach watu wawili, mmoja kila upande, msimamishe juu ya meza yenye blanketi, aegemee ukuta. Zima taa, washa tochi ya simu ukiishikilia ubavuni mwa picha, karibu kabisa na fremu, mwanga upite juu ya uso wa picha kama jua la jioni. Matuta ya rangi yatajitokeza. Jiulize kama yanafuata kinachochorwa: mstari mnene mweupe kwenye kola uwe na tuta lake palepale, kung’aa kwa kifungo kuwe na donge lake dogo. Kama matuta yanapita tu kwa mistari ileile kwenye uso, kwenye koti na kwenye giza la nyuma bila kujali, hayo ni ya mashine. Kisha chukua kioo cha kukuzia, tazama shavu. Ukikuta vidoti vidogo vya rangi vimepangana, ni chapa.

Usiguse kwa vidole. Najua ulishagusa.

Halafu geuza nyuma. Turubai la karne ya 18 lilifumwa kwa kitani, kwa mkono, na nyuzi zake hazilingani: huu mnene, ule mwembamba, hapa kuna fundo. Nyuzi zilizolingana kabisa ni za kiwanda. Tazama misumari ya ubavuni. Ya kufuliwa na mhunzi ina vichwa visivyofanana. Ikifanana yote imetoka kiwandani. Na ukikuta pini za stepla, hiyo kazi ya kuvuta turubai ni ya karne ya 20. Tazama kama kuna mhuri wa duka la vifaa vya uchoraji, au karatasi ya fundi wa fremu yenye jina la mji. Usibandue kitu. Karatasi moja iliyochakaa yenye jina la duka inaweza kutuambia mengi kuliko maabara. Wala msidanganywe na nyufa na giza. Jiko la kuni na miaka sitini ya vumbi vinaweza kuizeesha picha yoyote.

Maabara ina yake. Chini ya taa ya urujuanimno, vanishi ya zamani hung’aa kwa ukijani, na viraka vilivyoongezwa baadaye huonekana vyeusi. Eksirei huonyesha nyeupe ya risasi, ambayo ndiyo nyeupe ya wachoraji wa wakati wa Bach, na wakati mwingine huonyesha mahali mchoraji alipobadili mawazo, kola ilipokuwa juu ikashushwa. Anayebadili mawazo mara nyingi ndiye aliyebuni. Anayenakili hana cha kubadili. Chembe ya rangi nayo hupimwa. Nyeupe ya zinki iliingia kwenye rangi za mafuta za madukani katikati ya karne ya 19, na nyeupe ya titani miaka ya 1920. Ikikutwa titani kwenye tabaka la asili la uso wa Bach, mjadala umekwisha. Lakini nikuambie kweli: kwa picha kama yenu singeanza na maabara. Ni gharama, na uchunguzi wa tochi na rula utakuwa umeshajibu sehemu kubwa.

Sasa sabuni. Picha ya mafuta ni tabaka juu ya tabaka: turubai, gundi, rangi ya msingi, rangi zenyewe, kisha vanishi. Maji yakipenya kwenye nyufa hufika kwenye gundi, gundi huvimba, turubai husinyaa, na rangi ambayo haiwezi kusinyaa hubanduka kama magamba. Sabuni nayo hula rangi nyembamba za kumalizia, na hizo ndizo zenye kope, kivuli cha pua na kona ya mdomo. Ndiyo maana picha zilizooshwa nyumbani huwa na makoti mazuri na sura bapa. Watakuja watu na kiazi kilichokatwa, mkate, kitunguu, mafuta ya kula. Wakatalie wote kwa upole. Na dawa ya wadudu isipulizwe karibu.

Mnachoweza kufanya ni kuipangusa fremu kwa brashi laini kavu, mkiacha picha yenyewe, na kama rangi inabanduka popote hata hilo msifanye. Itundikeni kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na jua la dirishani. Wekeni vipande viwili vya koki nyuma ya fremu chini, hewa ipite, hasa wakati wa masika ambapo ukuta unatoa jasho na ukungu unaanza nyuma ya turubai kabla haujaonekana mbele. Kagueni mbao kama zina vijitundu vyenye unga mpya. Wadudu wa mbao hawaulizi ni mkono wa nani.

Kuna hali tatu za kumwona mtaalamu ana kwa ana bila kusubiri: rangi ikiwa inainuka au kudondoka, kukiwa na ukungu, au kukiwa na unga wa wadudu. Hapo ilazeni chali, uso juu, chumba kikavu, msiisafirishe kwenye buti ya gari. Wahifadhi wa picha za mafuta kwetu ni wachache, na fundi wa fremu siye mhifadhi hata kama ana mikono mizuri. Anzeni kwa kuuliza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wawaelekeze. Kabla hujamkabidhi mtu picha, muulize atatumia nini na kama kazi yake inaweza kuondolewa baadaye bila kudhuru. Akisema ana siri yake, mshukuru, urudi nyumbani na picha yako.

Na thamani? Nakala ya Bach ya karne ya 19, ya mkono usiojulikana, kwa kawaida haileti fedha za kubadili maisha. Wakati mwingine fremu inauzika kuliko picha. Ingekuwa ya karne ya 18 mambo yangekuwa tofauti kabisa, kwa wanunuzi na kwa watafiti. Ndiyo maana kuiuza kabla ya kuitazama nyuma ni kumwachia dalali afanye uchunguzi kwa faida yake. Mwombe aandike bei anayotoa kwenye karatasi na aeleze ameifikiaje. Kama kuna warithi wengine, wawepo pia, maana picha ni sehemu ya mirathi kama shamba.

Fanyeni hivi. Pigeni picha kwa simu mchana, bila mwanga wa simu: mbele yote, nyuma yote, uso peke yake, karatasi ya nota peke yake, maandishi ya nyuma, pembe nne, misumari. Wekeni rula ndani ya kila picha. Kisha kaeni mwandike kila mnachokumbuka kuhusu mchungaji yule: jina, usharika, mwaka aliorudi, alikotoka. Waulizeni wazee wa usharika kabla hawajasahau, na angalieni kama baba aliacha barua. Nitumieni mimi, na nakala mwandikieni Hifadhi ya Bach, Leipzig, kwa Kijerumani au Kiingereza kifupi. Wao ndio wanaozijua sura za Bach kuliko mtu yeyote. Kipimo cha kichwa kiwe mstari wa kwanza wa barua.

Na kabla ya kumrudisha ukutani, jaribu kusoma yale madoa kwenye karatasi kwa kioo cha kukuzia, mstari wa chini. Kama katika madoa hayo utaona nota zinazoshuka nne kwa ngazi, kisha mbili zinazopanda, niandikie siku hiyohiyo, maana itabidi nifikiri upya.